Fundi anasema bodi ya printa yangu imeungua? Hata kwenye umeme hakuichomeka!

Nilidhani hasira zitapoa. Wiki zinapita, hazipoi.

Nina steshenari Majengo, hapa Moshi. Walimu hunitumia mitihani kwa barua pepe, nachapa, wanapitia kuchukua. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kufuta vumbi mezani, printa ikagoma. Na iligoma nusu: PDF ukiifungua peke yake inatoka safi, ila ujumbe ukiuchapa ndani ya programu ya barua pepe, kompyuta inasema draiva, ile programu ya kuiendesha printa, haipatikani. Kaunta amesimama binti anayetaka nakala ya barua pepe ya chuo aambatanishe kwenye maombi, na ofisi anakopeleka inafungwa saa tisa na nusu. "Dada, bado?" Bado, mdogo wangu.

Nikapanda bodaboda, printa nimeipakata, mpaka kwa mafundi wangu wa siku zote mjini. Kijana aliyekuwepo hakuinua macho kwenye simu. "Mama, bodi imeungua hiyo. Ya kutupa. Tunazo mpya hapa." Nikamuuliza, bodi iliyoungua inachapaje PDF? Akasema, "Haya mambo ya kompyuta tuachieni sisi." Halafu akapokea 15,000 ya uchunguzi. Uchunguzi upi? Waya wa umeme ulikuwa bado umeviringishwa kwa raba, vilevile nilivyoufunga mimi.

Usiku nikafungua orodha ya printa kwenye kompyuta. Jina la printa yangu lipo mara mbili, moja limeandikwa "Copy 1" mwishoni. Kumbe wakati wa usafi nilichomoa waya wa USB nikaurudishia tundu jingine, Windows ikaihesabu kuwa printa mpya. Programu ya PDF ilikuwa imeshaichagua hiyo mpya. Ya barua pepe inapeleka kazi kwenye ile ya zamani, kwa kuwa ndiyo iliyowekwa kuwa printa kuu. Nikafuta kazi zote zilizokwama kwenye foleni, nikaondoa printa zote mbili, nikapakua draiva kwenye tovuti ya watengenezaji kwa kufuata namba ya modeli, nikaweka moja tu na kuifanya kuu. Ujumbe wa yule binti ukatoka, herufi nyeusi tii. Saa nne usiku. Wa nini tena?

Niwatendee haki: wamenijazia katriji miaka mingi, wino haujawahi kuvuja, na mzee mwenye duka ni muungwana kweli. Akiwepo yeye, nendeni tu. Nilikuwa tayari kuishia hapo. Lakini nikikumbuka binti alivyokunja bahasha yake tupu akaiweka kwenye mkoba, hapana, hata katriji siwapelekei tena. Mteja anayeeleza tatizo lake vizuri asikilizwe, awe mama, awe nani.

Ile karatasi ya binti ninayo bado kwenye droo. Na 15,000 yangu nimeifuata mara mbili, wanasema mwenye kurudisha hela hayupo.