Kitabu nimelipia, ufunguo kabaki nao mtu mwingine

Nilitaka kuandika haya siku ileile, mdogo wangu akanizuia, akasema lala kwanza. Nimelala, nimeamka, siku zimepita na roho bado inanichemka, basi acha niandike.

Mama yangu macho yamepungua nguvu. Kitabu cha karatasi hakiwezi tena. Kwenye tableti anakuza maandishi mpaka ukurasa mmoja unabeba mistari sita saba, anasoma kwa raha zake. Nikamnunulia riwaya moja nene ya kiukoo, wahusika tele, kwenye programu ya duka la vitabu vya kidijitali. Kila akikutana na jina jipya analigusa, anaandika kando: "huyu mke mdogo", "huyu ndiye aliyeuza shamba". Mwezi mzima anafanya hivyo. Kitufe cha kusikiliza kilikuwa kimezimwa kwa kitabu hiki, na hilo lilinikera tangu mwanzo, lakini nikasema si kitu, anasoma.

Akafika sura ya 19. Tableti ikaanguka, skrini ikapasuka, haikuwaka tena. Nikanunua nyingine, nikaweka programu, nikaingia kwenye akaunti yangu, vitabu vyote vikajipanga na majalada yake. Nagusa cha mama, ujumbe: kitabu hiki kimefikia idadi ya mwisho ya vifaa vinavyoruhusiwa, ondoa kifaa kimoja ujaribu tena. Haya, nitakiondoaje? Maelekezo yao yanasema ufungue kifaa cha zamani, uingie kwenye mipangilio yake, ubonyeze "Ondoa". Kifaa cha zamani kimekufa! Nimekaa na tableti mbili mezani, moja haiwaki na nyingine haifungui, na mama yuko chumba cha pili anauliza, "Vipi mwanangu, imekubali?"

Nikaenda huduma kwa wateja. Foleni ya chati, kisha kijana mmoja. Nikamweleza yote, na habari ya macho ya mama nikamweleza. Akanijibu: "Dada, kitaalamu hukununua kitabu. Ulipata leseni ya kukisoma. Ulikubali masharti."

Nikamwuliza, mbona kitufe nilichobonyeza kiliandikwa "Nunua"? Hakujibu. Nikamwuliza tena, basi niambie ni nani aliyeamua kwamba kitabu hiki kifungwe, maana vitabu vingine vitatu kwenye rafu hiyohiyo vimefunguka bila maswali. Akaandika: "Sisi hatuamui, ni mchapishaji. Je, kuna lingine naweza kukusaidia?" Kisha akafunga chati kabla sijamaliza kuandika. Hapo ndipo nilipoamua kwamba kwenye tathmini nitawapa nyota moja, na kama ingekuwepo sifuri ningeitoa.

Nikamwandikia mchapishaji. Wakajibu kwamba hayo ni mambo ya kiufundi ya duka, nirudi dukani. Duka likanirudisha kwa mchapishaji. Nilipigwa danadana karibu wiki tatu.

Na katika kuzungushwa huko ndiko nilikojifunza mambo ambayo ningependa kila msomaji ayajue kabla hajatoa pesa. Kufuli hili la kuzuia kitabu kisinakiliwe au kisifunguke kwenye kifaa kisichoruhusiwa, wenyewe wanaliita DRM, halitokei lenyewe. Katika maduka mengi mchapishaji, au mwandishi anayejichapishia, anapopakia kitabu anaulizwa: uweke kinga au usiweke? Ni kisanduku kimoja cha tiki. Wapo waliochagua kutoweka. Tor Books, wachapishaji wakubwa wa hadithi za kisayansi, walitangaza mwaka 2012 kwamba wanaondoa kufuli kwenye vitabu vyao vya kidijitali, na mwaka uliofuata tawi lao la Uingereza likasema halijaona uharamia ukiongezeka kwa namna ya kuonekana. Hata kitufe cha kusikiliza ni uamuzi wa mtu. Mwaka 2009 Amazon walipotoa Kindle, kifaa chao cha kusomea vitabu, inayosoma kwa sauti, chama cha waandishi cha Marekani, Authors Guild, kilipinga, na Amazon wakakubali kwamba mwenye haki ataamua kitabu kwa kitabu. Kwa hiyo kile kitufe kilichomzimikia mama, kuna mahali mtu alikizima.

Na ufunguo ukishakuwa kwa mwingine, anaweza kuutumia wakati wowote. Mwaka huohuo wa 2009 Amazon walifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, na baadaye mkuu wa kampuni akaomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Nao walirudisha pesa. Lakini mimi sidai pesa. Namdai mama sura ya 20.

Waandishi wanaibiwa, hilo silipingi, tena linaniuma. Mpwa wangu aliposikia ninavyolalamika alinitumia faili la wizi la riwaya hiyohiyo, halikuchukua dakika mbili. Nililifuta bila kulifungua, maana mwandishi yule nampenda na jasho lake naliheshimu. Lakini nilikaa nikalitazama lile jina la faili kabla sijalifuta. Lingefunguka popote, kwenye kifaa chochote, na kusikiliza pia lingekubali. Mwizi hana kufuli. Aliyebaki nje ya mlango ni mama yangu, ambaye kitabu chake kimelipiwa.

Nilikuwa nimeshaandika tathmini kali kabisa, bado kubonyeza tu, barua pepe ikaingia. Dada mmoja wa kule kwa mchapishaji, ambaye wala sikuwa nimemwandikia, alikuwa amepewa malalamiko yangu ayafunge. Badala ya kuyafunga akayasoma. Akaniambia ukweli, na namshukuru mpaka leo: tiki ile waliiweka kwa sababu vitabu vyao vyote wanaviwekea, ni mazoea ya ofisi. Hakuna aliyewahi kukaa akaamua. Mwandishi hakuulizwa. Na kwa kanuni za duka lile, kitabu kikishatoka na kufuli, hakibadilishwi. Kisha akaambatisha faili lisilo na kufuli, akaandika: "Msalimie mama, mwambie sura ya 20 inamsubiri."

Nililia. Faili likafunguka palepale. Kitufe cha kusikiliza kikawaka. Nikafuta tathmini yangu, nikaandika nyingine ya nyota tano kwa ajili ya huyu dada, kwa sababu wiki tatu nzima ni yeye peke yake aliyeongea nami kama mtu.

Lakini kadiri nilivyoendelea kufikiri, nyota zikaanza kupungua tena. Yale maneno ya mama ya kando hayapo. Yalikuwa ndani ya kile kilichofungwa, na duka wanasema ni sehemu ya leseni. Mwezi mzima wa mama umepotea. "Huyu mke mdogo." "Huyu ndiye aliyeuza shamba." Hayo hakuyaandika mchapishaji wala duka, ni maneno ya mama yangu, kwa kidole chake. Kwa idhini ya nani yamefungiwa? Na kama yule dada angekuwa likizo wiki ile, tungekuwa wapi?

Nimesoma kwamba California wana sheria iliyoanza kutumika mwanzoni mwa 2025: muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kuandika "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Ningeambiwa hivyo siku ile, kwa herufi kubwa kama zile anazosomea mama, ningetafuta toleo lisilo na kufuli, au ningemwandikia mchapishaji kabla ya kulipa.

Basi naacha nyota mbili. Programu ni nzuri, silifichi hilo. Yule kijana wa chati sina la kumwambia. Mama sasa anasikiliza, amefika sura ya 31, na majina amenunuliwa daftari, anayaandika kwa kalamu nene. Kwenye rafu yangu vipo vitabu vingine kumi na vinne vyenye ile alama ya kufuli. Nimewaandikia wachapishaji wake mmoja mmoja kuwauliza ni nani aliyeweka tiki. Mpaka sasa wamejibu wawili.