Heathrow kwa treni: uzoefu wangu na Piccadilly, Elizabeth na Express

Ndugu na marafiki wanaokwenda London hunipigia simu na swali lilelile: nikitua Heathrow, nipande treni gani? Nami huwauliza kwanza wanakwenda kulala wapi na wana masanduku mangapi. Watu wengi hutazama dakika zilizoandikwa kwenye mabango, wakachagua treni yenye dakika chache kuliko zote. Mimi, kwa jinsi nilivyozitumia, nimeshaamini kwamba mtu mwenye mizigo ahesabu ngazi kwanza, dakika baadaye. Treni ya kasi inayokuacha mahali ambapo bado una safari nyingine ya kuburuta mabegi, hiyo kasi umeinunua bure.

Reli za kutoka uwanjani ni tatu, na zote nimezipanda kwa kwenda na kurudi.

Kongwe ni Piccadilly, treni ya chini ya ardhi iliyofika katikati ya uwanja mwaka 1977. Hii ndiyo ya bei nafuu. Hadi katikati ya jiji nauli yake haifiki nusu ya nauli ya Elizabeth, na ukiipima na tiketi ya kawaida ya Heathrow Express ni chini ya robo. Kwa mwanafunzi anayefika na akiba ya kubanabana, au watu wazima wanne wanaosafiri pamoja, hiyo si tofauti ya kupuuzwa. Kufika King's Cross ni karibu saa nzima. Uzuri wake ni kwamba unapandia mwanzoni mwa njia, kwa hiyo kiti unapata, na baada ya Hounslow West inatoka juu ya ardhi ukaanza kuona mapaa ya nyumba na bustani zake za nyuma mpaka Barons Court inapozama tena.

Mabehewa niliyosafiria ni ya muundo wa miaka ya 1970: membamba, hayana kiyoyozi, na siku ya joto utatoka jasho. Lakini walioyabuni walijua yatakwenda uwanja wa ndege, wakaacha nafasi ya ziada pale mlangoni kwa ajili ya mizigo. Kaa kiti cha mwisho kilicho kando ya nafasi hiyo, ushike sanduku kwa mkono au ulibane kwa goti. Kama ni la magurudumu manne, lilaze kabisa. Treni ikifunga breki kuingia kituoni, sanduku lililoachwa limesimama linateleza lenyewe hadi mlango wa upande wa pili, na kati yako na lile sanduku kuna miguu ya watu.

Shida ya Piccadilly haiko ndani ya treni, iko unakoshukia. Earl's Court, Green Park na King's Cross zina lifti kutoka jukwaa la treni hadi barabarani. Piccadilly Circus, Leicester Square na Holborn hazina. Russell Square, eneo ambalo wageni wengi hupata hoteli, lifti ipo, lakini kabla hujaifikia kuna ngazi za kawaida. Nimewaona watu wazima wamesimama chini ya ngazi za namna hiyo wakilitazama sanduku la kilo 23, huku watu wanaowahi kazini wakiwapita kulia na kushoto. Kwa hiyo kabla ya kufunga safari, fungua ramani ya reli za London uangalie alama ya kiti cha magurudumu kwenye kituo chako. Alama hiyo ni ya kila mwenye mzigo, mtoto mgongoni au goti linalouma.

Anayekwenda Victoria au Westminster, njia ninayoipenda ni kushuka Hammersmith, kuvuka jukwaa lilelile upande wa pili, na kupanda treni ya njia ya District. Hakuna kupanda wala kuteremka.

Sasa Elizabeth. Hii ilifunguliwa Mei 2022, na tangu Novemba ya mwaka huohuo treni zake zinatoka Heathrow na kupenya moja kwa moja hadi upande wa pili wa jiji bila abiria kubadilisha treni Paddington. Nauli ni zaidi ya mara mbili ya Piccadilly, na kwa maoni yangu ina thamani yake kwa mtu yeyote mwenye mzigo mzito. Mabehewa tisa yameungana bila milango kati yake, urefu wa kama mita 200, yana kiyoyozi, na milango ni mipana kiasi cha mtu kuingia na mabegi yake bila kumgonga anayeshuka. Tottenham Court Road unafika kwa nusu saa na dakika chache, Liverpool Street kwa dakika kama 40. Na vituo vyote vya njia hii, kila kimoja, vina njia isiyo na ngazi kutoka barabarani hadi jukwaani.

Jambo hilo nililielewa vizuri nilipompokea mama, ambaye magoti yanamsumbua. Alishukia Terminal 3. Tulitembea ule ushoroba mrefu wa chini kwa chini, taratibu, tukaingia lifti, tukapanda treni, tukatulia mpaka Woolwich, tukaingia lifti nyingine na kutokea barabarani. Pale juu akasimama, akageuka kutazama tulikotoka. “Mwanangu, ngazi zenyewe ziko wapi?” Alikuwa ameziogopa tangu alipokata tiketi ya ndege, na hakuwa ameniambia.

Kuna mawili ya kujua kuhusu Elizabeth. Haina choo ndani ya treni (Piccadilly pia haina), basi maliza haja zako uwanjani. Tena ikifika Whitechapel njia inagawanyika, tawi moja linakwenda Abbey Wood na jingine Shenfield; soma ubao kabla ya kupanda ikiwa unakwenda mashariki ya hapo. Wale wa mji wa Reading nao wasijisumbue kwenda hadi Paddington na kurudi: washuke Hayes & Harlington, wapande treni ya kuelekea magharibi.

Heathrow Express inafanya kazi tangu mwaka 1998 na ahadi yake ni ya kweli: dakika 15 kutoka Terminal 2 na 3 hadi Paddington bila kusimama popote, na kutoka Terminal 5 ni zaidi kidogo ya 20. Viti ni vizuri na sehemu za kuwekea mizigo zipo za kutosha. Kama hoteli yako iko Paddington, au unaunganisha treni ya kwenda Oxford, Bristol au Cardiff, panda bila kusita, na ukikata tiketi mapema mtandaoni bei inashuka. Watoto wa miaka 15 kurudi chini husafiri bure wakiwa na mtu mzima anayelipa. Lakini kwa anayekwenda kwingine, zile dakika alizookoa zinaliwa na kutoka jukwaa la juu hadi treni ya chini pale Paddington, na analipa nauli nyingine. Inaniuma kuona familia inauziwa tiketi hizi kisha inaishia kupanda Elizabeth ileile ambayo ingeichukua uwanjani kwa pesa pungufu.

Malipo ni rahisi. Huhitaji kununua tiketi ya Piccadilly wala Elizabeth. Gusisha kadi ya benki au simu getini unapoingia na unapotoka. Kila mtu awe na kadi yake, na uliyoingilia ndiyo utokee. Hapa wengi hawajui kwamba kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo ndani ya simu huhesabiwa kuwa mbili tofauti, kwa hiyo ukiingia kwa simu na kutoka kwa kadi utatozwa nauli kubwa mara mbili. Kadi za benki za nje hukubaliwa, ila benki yako inaweza kukata ada yake. Watoto chini ya miaka 11 hupita bure na mtu mzima.

Kurudi uwanjani kunahitaji umakini kuliko kutoka. Jua terminal yako. Emirates wako Terminal 3, Qatar Airways Terminal 4, na British Airways ndege zake nyingi ziko Terminal 5. Terminal 2 na 3 zina kituo kimoja, ila 4 na 5 ziko kwenye matawi tofauti ya reli. Ukijikuta kwenye tawi lisilo lako, rudi kituo cha Terminal 2 na 3 ubadilishe; treni kati ya terminal na terminal ni bure, ingawa bado unagusisha kadi au kuchukua tiketi ya bure. Kwa upande wa Piccadilly, baadhi ya treni haziendi Heathrow kabisa, zinakata kuelekea Rayners Lane na Uxbridge. Zinaachana Acton Town. Soma kilichoandikwa mbele ya treni, na ukishaingia sikiliza tangazo, maana linataja kituo cha mwisho kila mara.

Usiku wa kuamkia safari, angalia hali ya njia kwenye tovuti ya usafiri wa London. Wikiendi hufungwa vipande vya reli kwa matengenezo, na siku za mgomo huwa ni habari nyingine. Mimi hujiwekea njia ya pili kichwani hata mambo yakiwa shwari, kwa sababu Piccadilly na Elizabeth hazitegemei reli moja: ikikwama hii, ile mara nyingi inatembea.

Ndege za alfajiri ndizo zinazobana. Usiku wa manane Elizabeth na Express hazipo. Piccadilly hukesha usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu, na hata hizo za usiku haziingii Terminal 4. Siku nyingine kuna basi la N9 kutoka Aldwych, linalopita usiku kucha hadi Heathrow. Linachukua muda, lakini nauli yake ni ndogo kuliko treni zote nilizozitaja. Usiende na noti mkononi: mabasi ya London hayapokei pesa taslimu.