Uzoefu wangu na oktani busta kwenye STI hapa Malindi

Kila kaskazi ikishika na joto likapanda, wenye gari za turbo hapa Malindi huniuliza swali lilelile, hizi chupa za oktani busta, dawa ya kumimina kwenye petroli ili injini isigonge, zinafanya kazi kweli ama ni pesa ya bure inaenda? Mimi nimetumia za bei rahisi na za bei kali, nikapima, kwa hivyo naweka hapa nilichokiona. Jibu fupi ni kwamba baadhi zinafanya kazi, kwa gari fulani tu, na sio kwa kiwango kile kimeandikwa kwenye lebo.

Gari yangu ni Subaru Impreza WRX STI ya 2004, ile ya Japani yenyewe, injini EJ207 lita mbili na turbo, kwenye karatasi ni farasi 280. Hii injini kule kwao ilipangwa inywe petroli ya daraja la juu, na Japani ukienda pampu ya hiyo petroli unapata karibu RON 100, RON ikiwa ni kipimo cha oktani. Super yetu ya kawaida haifiki hapo. Sasa chukua injini kama hiyo, ilete pwani, iweke kwenye jua la mwezi wa pili, intakula yake, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, imekaa juu ya injini palepale inapopikwa na joto ukisimama kwenye foleni ya mjini, alafu ukitoka nje ya mji unakanyaga. Hapo ndipo nok, yaani injini kugonga, inapoanza.

Watu wengi wanadhani oktani ni nguvu, kwamba mafuta ya oktani kubwa yana moto zaidi. Hapana. Oktani ni uvumilivu. Ni kipimo cha vile mafuta yanaweza kukandamizwa ndani ya silinda na kupata joto bila kujiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Kipimo chenyewe kimewekwa kwa vitu viwili, heptani ikapewa 0 na iso-oktani ikapewa 100, mafuta mengine yote yanalinganishwa na mchanganyiko wa hizo mbili. Yakijiwakia kabla ya wakati unasikia ule mlio wa kugonga, na mara nyingi husikii kitu lakini sensa ya nok imesikia, na kompyuta ya gari inarudisha taimingi nyuma, yaani inachelewesha cheche ya plagi, ili kuokoa pistoni. Taimingi ikirudi nyuma, nguvu inapungua. Kwa hivyo busta haiongezi nguvu yoyote mpya, inachoweza ni kukurudishia ile ambayo kompyuta ilikunyang'anya. Kama kompyuta haijanyang'anya kitu basi hakuna cha kurudishwa, na hapa ndio watu wa Vitz na Probox na Fielder nawaomba wasinunue hizi chupa kabisa. Injini zile zimetengenezwa kunywa petroli ya kawaida ya Japani ambayo oktani yake ni karibu 90, super yetu inazitosha na kubaki. Mark X ya 2.5 ya kizazi cha kwanza ni kesi nyingine manake kompresheni yake, yaani kiwango cha kukandamiza ndani ya silinda, ni 12 kwa 1 na Japani inatakiwa petroli ya daraja la juu, Golf GTI pia soma ndani ya kifuniko cha tangi wameandika.

Mimi sipimi kwa kuhisi. Ukishamimina chupa ya pesa nyingi moyo wenyewe unataka gari iwe imechangamka, na itakuwa imechangamka tu. Nina kebo ya kuunga laptopu kwa ECU, ile kompyuta ya gari, na programu ya RomRaider ambayo ni ya bure, nikawa naenda kwenye kile kipande kilichonyooka ukipita Gede pembeni ya msitu wa Arabuko Sokoke, asubuhi mapema kabla barabara haijachangamka na matatu za Mombasa, gia ya tatu, mizunguko 2500 mpaka 5500, mguu chini. Ileile kila mara, hewa ya saa ileile. Ninachoangalia ni vitu viwili, ECU imepunguza digrii ngapi za taimingi kwa kusikia nok, na ile namba Wasubaru wanaita IAM ambayo kwa ECU yangu inafika mpaka 16. Ikiwa 16 gari inakuamini na kukupa taimingi yote iliyopangwa. Ikishuka ujue imeanza kuogopa mafuta uliyotia.

Kwa super ya kawaida wakati wa kaskazi gari ilikuwa inapunguza digrii tatu mpaka tano pale kati ya 3500 na 4500 ambapo turbo inajaa, na IAM ilishuka ikakaa 11 au 12. Wakati wa kusi hewa ikipoa hali ilikuwa nzuri zaidi bila kubadilisha chochote, kumbuka hiyo manake mtu anaweza kutia busta mwezi wa sita akasifu chupa na kumbe ni upepo wa kusi ndio uliomsaidia.

Chupa ya kwanza nilinunua duka la spea hapahapa mjini, mililita 300 hivi, lebo imeandikwa inaongeza pointi 30. Soma vizuri hapo. Kwenye hii biashara pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani, kwa hivyo pointi 30 ni oktani 3, sio 30, na mwenye duka mwenyewe alikuwa anawaambia wateja petroli inafika 120. Ukifungua inanuka kama tina ya rangi. Nikatia, nikaendesha tangi nzima, nikapima, hakuna kilichobadilika, si digrii si IAM.

Na ukipiga hesabu unaona kwa nini. Zile dawa za jamii ya toluini na zailini zina oktani kubwa kweli, toluini ni karibu 120, lakini inatakiwa nyingi. Tuseme petroli yako ni 93 na unataka ifike 98, kwa tangi la lita 60 unahitaji kama lita 11 za toluini ndani ya hizo 60. Lita kumi na moja! Ukitia mililita 300 umeongeza kama sehemu moja ya kumi ya oktani, yaani pointi moja, ni kama kutia kijiko cha chumvi kwenye sufuria la pilau ya harusi ukingoje mtu aonje. Hakuna lebo inayoweza kushinda hiyo hesabu. Kwa hivyo chupa yoyote ndogo ambayo ndani yake ni viyeyusho tu, iache dukani.

Chupa zinazofanya kazi kwa ujazo mdogo ni zile zenye madini. Zamani ilikuwa risasi, ile tetraethili ambayo Thomas Midgley wa General Motors aligundua uwezo wake wa kuzuia nok 1921, ikatiwa kwenye petroli ya dunia nzima na kuharibu afya za watoto kwa miongo mingi mpaka Afrika kusini mwa Sahara ikaacha kuiuza kwenye petroli ya magari 2006, na nchi ya mwisho duniani kuacha ilikuwa Algeria 2021. Sasa hivi nafasi yake imechukuliwa na manganizi, kwenye lebo inaandikwa MMT, na nyingine zinatumia chuma, wanaita ferosini. Hizi kiasi kidogo sana kinatosha.

Basi nikaagiza Mombasa chupa ya MMT, ilinitoka elfu mbili na zaidi. Nikaitia tangi likiwa karibu tupu alafu nikajaza juu yake ili ichanganyike. Hii ilifanya kazi, nasema ukweli. Kabla tangi halijaisha IAM ilikuwa imepanda yenyewe mpaka 16, nok pale katikati ikabaki digrii moja hivi na mara nyingine sifuri, na gari kuanzia 3500 ilivuta tofauti, ile ya kusukumwa kwenye kiti. Nikarudia kwa tangi jingine la super bila chupa, IAM ikaanza kushuka tena. Nikatia tena chupa, ikapanda. Kwa hivyo sio hisia, ni kitu kinaonekana kwenye namba.

Lakini baada ya kuitumia mfululizo nikapeleka gari kwa fundi wangu Maweni, mzee wa watu ambaye ameshika Subaru tangu zile za kabureta, nikamwambia ami nifungulie plagi tuangalie. Akazitoa, zote nne zina rangi ya machungwa iliyokolea kama udongo wa Marafa. Akaishika moja akaigeuza kwenye mwanga. "Mwanangu, hii sio kutu. Hii ni ile dawa yako, imekaa hapa, na kama imekaa hapa basi imekaa na kule mbele." Kule mbele ni sensa ya oksijeni na kataliti, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Manganizi haiungui ikaisha, inabaki kama unga, inaganda kwenye plagi mpaka moto unaanza kukosa njia yake, inaziba vile vishimo vya kataliti na kuidanganya sensa. Ferosini ndio mbaya zaidi kwa plagi kwa sababu ule unga wake wa chuma unapitisha umeme, cheche inapotea. Marekani waliweka kikomo cha manganizi kwenye petroli ya magari, kama miligramu 8 kwa lita, na chupa nyingi kali za kumimina mwenyewe zimeandikwa ni za mashindano tu. Watu hatusomi hiyo sehemu.

Alafu nikajaribu kitu ambacho kinaonekana cha kawaida kabisa, petroli ya daraja la juu ya pampuni, ile inayouzwa kwa jina lake kando ya super. Bila chupa yoyote. IAM ilipanda ikakaa 15 na 16, nok ikabaki digrii moja mbili siku za joto kali. Yaani karibu sawa na MMT, na ukijumlisha ile tofauti ya bei kwa kila lita kwenye tangi nzima bado ni nafuu kuliko chupa, na plagi zinabaki na rangi yake ya kahawia hafifu. Mimi hapo ndipo nilipoacha kununua chupa za kutumia kila wiki.

Kitu kingine ambacho kinaniumiza roho ni mafuta yenyewe yaliyochezewa. Kuna watu kwa miaka walikuwa wakichanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli, mpaka serikali 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili ule ujanja usilipe tena. Mafuta ya taa oktani yake iko chini sana, kidogo tu kwenye petroli inaiangusha, na injini ya turbo itaumia wa kwanza. Niliwahi kutia stesheni fulani njiani, siitaji, IAM ikaanguka nusu nzima ndani ya muda mfupi. Busta haiwezi kukuokoa hapo. Punguza mguu, usiruhusu turbo ijae, nenda polepole mpaka utie mafuta mazuri juu yake. Hizi EJ pistoni zake zinavunjika pale kati ya ringi kwa nok, na ukifika hapo ni injini nyingine unatafuta.

Na hizi dawa za mtaani naomba watu waziache. Nafthalini za kabatini kutia kwenye tangi, zamani ilikuwa nafthalini kweli na ina oktani yake, lakini nyingi za siku hizi ni dawa nyingine yenye klorini, ikiungua inatoa asidi ndani ya injini yako. Mafuta ya ndege ndogo, yale ya 100LL, oktani yanayo lakini yana risasi, mpaka gramu 0.56 kwa lita, sensa na kataliti zitakufa na wewe na watoto wako mnavuta ule moshi. Hapana.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kupeleka gari kwa mtu wa tyuni Mombasa, akaipanga upya kwa mafuta yetu, akatoa taimingi kidogo pale katikati na kushusha presha ya turbo kidogo. Kwenye karatasi nimepoteza farasi kadhaa. Barabarani gari iko vizuri zaidi kuliko zamani manake haitoi na kurudisha taimingi kila saa, inavuta sawasawa asubuhi na saa nane mchana, na IAM haijashuka chini ya 16 kwa mafuta mazuri. Gharama yake ukilinganisha na chupa za mwaka mzima zinakaribiana, na tyuni unalipa mara moja.

Kwa hivyo saa hizi MMT nimeiacha kwa kazi moja. Nikiwa naenda Lamu, napita Gongoni, Garsen, Witu mpaka Mokowe kuacha gari kwenye maegesho na kupanda boti, huko njiani natia super ya kawaida itakayopatikana, na jua la bara la Tana halina huruma. Naweka chupa moja kwenye buti, namimina kabla ya kujaza, nusu ya chupa na sio yote manake sitafuti namba kubwa, natafuta gari isigonge na mzigo na watu ndani. Nikirudi Malindi natia ile ya daraja la juu, na sevisi inayofuata namwambia ami afungue plagi aangalie rangi. Kwa matumizi hayo naipa nyota nne kati ya tano. Kwa matumizi ya kila siku naipa mbili, na ile ya kwanza yenye harufu ya tina sina nyota ya kuipa.