Vitamini D3, K2 na kalsiamu: kopo lipi linunuliwe kwanza

Ukiingia duka la dawa kuulizia vitamini za mifupa, mwuzaji atakunyooshea D3+K2 na kukuambia kwamba moja huleta kalsiamu na nyingine huilinda mishipa ya moyo. Hajadanganya. D3 ni kuli anayeshusha mzigo melini: asipokuwepo, utumbo hunyonya kalsiamu kidogo tu. K ni karani anayeuelekeza ghalani. Huamsha osteokalsini, protini inayonasa kalsiamu mfupani, na nyingine inayoizuia isijijenge kwenye kuta za mishipa.

Lakini kujua kazi ya vitamini mwilini ni jambo moja, na kopo kukusaidia ni jambo jingine. Marekani, utafiti wa VITAL ulikuwa na washiriki 25,871. Waliopewa D3 ya IU 2,000 (IU ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini) kila siku hawakupungukiwa na mshtuko wa moyo wala kiharusi kuliko wenzao waliopewa kidonge bandia, na matokeo ya 2022 yakaonyesha vivyo hivyo kwa kuvunjika mifupa. Wengi wao, kumbuka, hawakuwa na upungufu. Denmark nako, wanaume 365 wenye kalsiamu kwenye vali ya moyo walifuatiliwa miaka miwili, na K2 pamoja na D havikuizuia kuongezeka. Ndiyo maana napanga hivi.

Namba moja ni D3 peke yake, IU 600 hadi 1,000. Inawafaa wasiopata jua la kutosha: mzee asiyetoka ndani, mtu anayejifunika mwili wote, na ndugu zetu wenye ngozi nyeusi walioko Uingereza, ambao hushauriwa wafikirie IU 400 kwa siku mwaka mzima. Chagua D3 badala ya D2 (aina nyingine ya vitamini D), umeze na chakula chenye mafuta, na usivuke IU 4,000 bila daktari. Lebo ikiandika mcg (mikrogramu) 25, hiyo ni IU 1,000.

Namba mbili, D3+K2, lakini bei yake iwe imeizidi ya D3 peke yake kidogo tu. Tafuta MK-7, aina ya K2 inayokaa kwenye damu siku kadhaa; aina nyingine, MK-4, huondoka baada ya saa chache. Niliwahi kumnunulia mama kopo hili kwa furaha, kumbe anatumia warfarin! K ndiyo inayogandisha damu, na warfarin hufanya kazi kwa kuipinga. Nililirudisha dukani.

Kalsiamu yenye D3 naiweka ya tatu, kwa aliyeandikiwa na daktari au asiyekula maziwa wala dagaa. Mtu mzima anahitaji takribani mg 1,000 kwa siku, na dagaa huliwa na mifupa yake. Hapa ndipo watu hupunjwa bila kujua: kidonge cha kalsiamu kaboneti mg 1,250 kina kalsiamu mg 500 tu. Kaboneti imezwe na chakula. Anayetumia dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazole, achukue kalsiamu sitreti.

K2 peke yake ni ya mwisho. Mwenye sukuma wiki, matembele au mchicha wa mafuta mezani anapata tele K1, vitamini K ya mboga za majani. (Mchicha usiutegemee kwa kalsiamu, maana oksaleti yake huizuia isinyonywe.)

Kabla ya kulipa angalia tarehe ya kuisha muda, kisha gawanya bei kwa idadi ya siku ambazo kopo litakufikisha. Makopo mengine huandika kipimo kikubwa mbele, na nyuma, kwa herufi za sisimizi, kwamba hicho ni cha vidonge viwili.