Nyumba ya kuuza Raskazone, Tanga: video ya simu au picha za nyuzi 360?
Video ya simu hukamilika kwa dakika tatu, na mnunuzi aliye Dar huipata WhatsApp bila kumaliza bando. Ila WhatsApp huibana, ufa mwembamba ukutani ukapotea.

Picha za nyuzi 360, zinazoonyesha chumba pande zote, humwacha mnunuzi ageuze mtazamo mwenyewe, kuanzia dari hadi kona ya choo. Simamisha kamera katikati ya chumba, kimo cha mita 1.5. Ikikaribia mno kabati, picha huungana vibaya na mlango huonekana umekatika. Piga nyingine kwenye kila mlango, la sivyo mtazamaji hupotea njia. Jua kali hugeuza dirisha weupe mtupu.

Kwa vyumba vitatu na zaidi, tunachagua 360. Rangi iliyobambuliwa na chumvi ya bahari ionekane wazi. Bomba likifunguliwa kuonyesha maji yanavyotoka, hapo video inahitajika.