Daftari la dalili lililochapwa tayari: safu nzuri, nafasi finyu

Daftari la aina hii linamlenga mtu mwenye ganzi, kizunguzungu au mtetemeko usiojulikana chanzo, anayesubiri kuonana na daktari wa neva. Safu zake zimepangwa na mtu anayejua kazi: saa dalili ilipoanza, dakika ilizodumu, upande wa mwili, ukali kwa alama 0 hadi 10, usingizi wa jana, dawa zilizomezwa.

Tatizo ni visanduku vya kuandikia, ni vyembamba. Mkono unaotetemeka hauandiki humo, na hapo ndipo wengi huliacha kabatini. Afadhali kurekodi sauti kwa simu papo hapo, kisha kunakili. Kungoja usiku ndipo uandike yote ni kosa: kilichouma sana hukumbukwa, kilichopita upesi husahaulika, nacho huenda ndicho muhimu.

Hakuna pa kuandika kwamba video ya dalili ilichukuliwa. Pengo kubwa hilo! Tukio likitokea, anayerekodi arudi nyuma hatua mbili ili mikono na miguu yote ionekane, kisha asogee aonyeshe kama macho yamefumba au yako wazi.

Onyo nalo limefichwa ukurasa wa mwisho, ilhali lingekuwa jaladani: uso kupinda ghafla, mkono kulegea, usemi kuvurugika, au degedege kuzidi dakika 5, hayo si ya kuandika bali ni ya kukimbizwa hospitali.

Siku ya miadi, daftari zima halisomwi. Fupisha yote katika ukurasa mmoja, ukianza na dalili inayokuzuia kazi.