Watu wa kujitolea wa serikali za nje: mtaomba nini, na mtabaki na nini?

Shule au kituo cha hapa Mombasa, kiwe Likoni, Kisauni au Changamwe, kikitaka kuletewa mtu wa kujitolea na serikali ya nje, kianze kwa kuuliza mpango wenyewe unalenga nini. Peace Corps ya Marekani, iliyoundwa 1961, ina malengo matatu, na mawili ni watu kufahamiana. Ni lengo jema, lakini anayengoja mtaalamu atavunjika moyo. Weltwärts ya Ujerumani huleta vijana wa miaka 18 hadi 28, na yenyewe husema wanakuja kujifunza. Kwa ufundi tungechagua mpango wa Japani, ulioanza kuleta watu Kenya 1966: mtu huombwa kwa kazi maalumu na huchaguliwa kwa ujuzi huo.

Penye hasara kubwa ni vifaa vinavyokuja na mgeni. Chukua pampu ya kisima iliyonunuliwa Marekani. Bomba letu la inchi moja lina meno ya kukazia (mistari ya skrubu mwishoni mwa bomba) 11 kwa kila inchi. La kwao lina 11.5, na pembe ya meno ni tofauti. Fundi atakaza, atazungushia tepu nyeupe, litashika mizunguko michache kisha livuje. Maji yetu ya chumvi yatamalizia kilichobaki. Mashine ya Japani nayo ni ya volti 100; ichomeke kwenye 240 bila transfoma, imeungua. Pesa za vifaa zitumike madukani hapa hapa, ambako vipuri vyake vipo.

Muda nao una hesabu yake. Miezi 27 ya Peace Corps, mitatu ya mwanzo ni mafunzo. Tena 2014 walisimamisha kazi Kenya kwa sababu za usalama. Kwa hivyo msitie sahihi kabla hamjamtaja mwajiriwa wenu atakayefanya kazi bega kwa bega na mgeni tangu siku ya kwanza, na daftari la matengenezo liandikwe kwa Kiswahili. Bila huyo, mgeni akipanda ndege ujuzi umepanda naye.

Na msimpe mgeni darasa, tafadhali. Walimu waliosomea kazi hiyo wako mtaani wanangoja kuajiriwa, na inauma kuona kijana asiye na cheti akishika chaki yao.

Jambo ambalo wengi hawaulizi: tangu 2013 weltwärts hupeleka pia vijana wa nchi kama yetu Ujerumani. Mkikaa mezani na shirika la kule, ombeni nafasi hizo kwanza.